Skrini ya Bluu Ofisini: Jinsi ya Kuipata Draiva Yenye Kasoro Bila Kupiga Windows Upya

Mwongozo huu umeandikwa kwa wafanyakazi wanaotegemea kompyuta ya Windows kila siku: wahasibu, makarani wa masjala, walimu wanaoandaa matokeo, wahudumu wa mapokezi hospitalini, pamoja na mafundi wa TEHAMA wanaoitwa kila mashine inapokwama. Unahusu tatizo moja tu: kompyuta inayoanguka au kujiwasha upya katikati ya kazi kwa sababu ya draiva iliyopitwa na wakati, isiyolingana na mfumo, au inayogombana na nyingine.

Mijini kwetu jibu la haraka la tatizo hili ni kupiga Windows upya. Fundi anachukua mashine asubuhi, jioni inarudi ikiwa nyepesi na safi, haina mafaili ya mhasibu, haiijui printa, na baada ya muda skrini ya bluu inatokea tena vilevile. Mara nyingi sababu ni kwamba Windows Update imeisakinisha tena draiva ileile yenye kasoro. Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia utaratibu mmoja: tafuta ushahidi kwanza, itambue draiva inayohusika, ishughulikie hiyo peke yake, kisha pima. Ukibadilisha mambo matano kwa mkupuo, hata kompyuta ikitulia hutajua kilichoituliza, na ikisumbua tena utaanza upya.

Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi za ofisini, ili uyatambue ukiyaona.

Kwa nini draiva moja huangusha mashine nzima

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kukitumia kifaa fulani: kadi ya picha, Wi-Fi, printa, diski, kamera. Programu za kawaida kama Word au Chrome hufanya kazi ndani ya mipaka ziliyowekewa. Zikikosea, Windows huzifunga na wewe unaendelea na mengine. Draiva nyingi haziko huko. Hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, mahali penye ruhusa ya kugusa kumbukumbu yote ya kompyuta. Draiva ikisoma au kuandika pasipostahili humo ndani, Windows haiwezi tena kuamini chochote kilichomo kwenye kumbukumbu, hivyo husimamisha kila kitu kabla uharibifu haujafika kwenye diski. Skrini ya bluu, ambayo kwenye Windows 11 ilianza kubadilishwa kuwa nyeusi mwaka 2025, ni hatua hiyo ya kujilinda. Inaudhi, lakini bila hiyo mafaili yako yangeharibika kimyakimya.

Dunia nzima ililiona jambo hili Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake ya Falcon. Draiva yenyewe haikubadilishwa. Kilichotumwa ni faili la data ambalo draiva hiyo hulisoma. Maelekezo mapya yalihitaji thamani 21 wakati programu ilikuwa imeandaa 20. Draiva ikaenda kusoma nje ya eneo lake la kumbukumbu, na kwa kuwa ilikuwa ndani ya kiini, kompyuta ikaanguka, ikajiwasha, ikaanguka tena. Sasisho liliondolewa saa 2:27 asubuhi hiyohiyo, lakini tayari kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeathirika kwa makadirio ya Microsoft. Safari za ndege ziliahirishwa, hospitali na benki zikakwama. Tiba yake kwa mashine nyingi ilikuwa kuingia Safe Mode, hali inayopakia draiva za lazima tu, na kufuta faili moja. Tukio kubwa kiasi hicho lilimalizwa kwa kujua faili gani lina kosa na liko wapi, na ndivyo linavyomalizwa tatizo la mashine moja iliyo mezani kwako.

Kabla hujagusa chochote

Nakili kazi zako za karibuni kwenye diski ya nje au flashi. Kisha hakikisha una ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski. Hili husahauliwa na wengi, nao huumia. Laptop nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa siri hata kama mwenye mashine hakuwahi kuombwa idhini, na ukijaribu kuingia kwenye urekebishaji, mashine hudai ufunguo wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, mafaili yaliyo kwenye diski hayafunguki. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha mashine mara ya kwanza, au kwa kitengo cha TEHAMA ikiwa ni mashine ya ofisi. Unaweza pia kuusoma mwenyewe wakati kompyuta bado inafanya kazi: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: kisha uandike tarakimu hizo kwenye karatasi, usizihifadhi ndani ya mashine hiyohiyo.

Jambo la pili ni kuhifadhi draiva ulizonazo sasa, hata kama mojawapo ni mbovu. Tengeneza folda kwenye flashi, kwa mfano D:\draiva, kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi andika pnputil /export-driver * D:\draiva. Draiva zote zilizowekwa na watengenezaji wengine mbali na Microsoft zitanakiliwa humo. Kwa ofisi yenye intaneti ya kusuasua, au inayonunua bando kwa siku, folda hiyo inaokoa fedha na muda.

Jambo la tatu: zuia kompyuta isijiwashe haraka kabla hujasoma ujumbe wa kosa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings chini ya Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Hapohapo hakikisha sehemu ya Write debugging information haijaandikwa none. Pia tengeneza restore point. Kwenye kompyuta nyingi huduma hiyo imezimwa, kwa hiyo usidhani ipo mpaka umeiona.

Hakikisha kwanza kwamba ni draiva

Katika mazingira yetu kompyuta huzimika kwa sababu nyingi zisizohusiana na programu. Umeme hukatika au kushuka, chaja si ya mashine hiyo, betri imechoka, feni imejaa vumbi. Kutafuta draiva mbovu kwenye mashine inayozimwa na joto ni kupoteza siku.

Fungua Event Viewer kwa kuandika eventvwr.msc, nenda Windows Logs, kisha System, utafute tukio la Kernel-Power lenye namba 41. Watu wengi huliona tukio hilo na kuanza kulaumu Kernel-Power, lakini lenyewe linasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Linaloleta habari ni kipengele cha BugcheckCode ndani ya Details. Kikiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote: ama umeme ulikatika, ama mashine ilipata joto kupita kiasi, ama mtu alibonyeza kitufe cha kuzima, ama iliganda kabisa. Anza kwa kuangalia umeme, chaja, betri na feni. Kikiwa namba nyingine, Windows ilisimama yenyewe na ikaandika sababu. Namba hiyo huandikwa kwa mfumo wa kawaida wa kumi, ilhali skrini na vitabu vya mafundi hutumia mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 159 ni sawa na 0x9F, na 209 ni sawa na 0xD1. Kutojua hilo kumewafanya wengi watafute msimbo usiokuwepo.

Kigezo kingine ni mpangilio wa makosa. Msimbo ukibadilika kila siku bila kufuata shughuli yoyote, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa mwingine, ishuku RAM kabla ya draiva, andika mdsched.exe uiache mashine ijipime. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR mara nyingi huelekeza kwenye kifaa chenyewe. Lakini msimbo uleule ukijirudia katika shughuli ileile, kila ukichapisha, kila ukifungua video, kila mashine ikiamka kutoka usingizini, draiva ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kusoma ushahidi

Pa kuanzia ni Reliability Monitor, na wafanyakazi wachache wanajua kwamba wanayo. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona kalenda ya mashine yako: siku zilizo na alama nyekundu ni siku ambazo mashine ilianguka au programu ilifungwa ghafla, na chini yake zimo programu na masasisho yaliyowekwa siku hiyo. Tafuta siku ya kwanza ya tatizo, kisha rudi nyuma siku chache uone kilichowekwa. Mara nyingi jibu liko pale.

Chukua mfano wa laptop ya mhasibu wa SACCOS. Inaanguka karibu kila siku saa saba hivi mchana. Asubuhi yote haina tatizo, hata akifanya kazi nzito. Akiulizwa hufanya nini saa saba, anasema hafanyi kitu; ndio kwanza ametoka kula. Hiyo ndiyo habari yenyewe: mashine ililala alipofunika kifuniko, na inaanguka anapokifunua. Event Viewer inaonyesha BugcheckCode 159, yaani DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, kosa linalotokea pale draiva inapochelewa mno kuitikia agizo la kulala au kuamka. Reliability Monitor inaonyesha kwamba Jumamosi iliyotangulia draiva ya Wi-Fi ya Intel ilisasishwa. Mpaka hapo ni dhana yenye nguvu, haijawa uthibitisho.

Uthibitisho uko kwenye folda ya C:\Windows\Minidump, ambamo Windows huacha faili dogo kila inapoanguka. Jina lake hubeba tarehe. Programu ya bure ya BlueScreenView kutoka NirSoft hulifungua kwa urahisi, lakini hapa pana mtego. Katika makosa mengi programu hiyo itataja ntoskrnl.exe. Hicho ni kiini cha Windows, na hutajwa kwa sababu ndicho kilichotangaza kusimama. Ukikiona kimetajwa peke yake, hujapata mkosaji. Tumia WinDbg ya Microsoft, inayopatikana bure kwenye Microsoft Store: fungua faili la minidump, andika !analyze -v, usubiri. Mara ya kwanza itashusha data kutoka intaneti, kwa hiyo uwe na bando la kutosha. Katika matokeo marefu yatakayotokea, tafuta mstari wa IMAGE_NAME. Kwa mhasibu wetu umeandikwa Netwtw10.sys, faili la draiva ya Wi-Fi ya Intel. Ukifungua minidump ya siku tatu tofauti na zote zikataja faili hilohilo, kazi ya upelelezi imekwisha.

Majina machache ya mafaili yanafaa kufahamika. nvlddmkm.sys ni ya kadi ya picha ya NVIDIA, amdkmdag.sys, na kwenye draiva za zamani atikmdag.sys, ni ya AMD, igdkmd64.sys ni ya picha za Intel, yanayoanza na Netwtw ni Wi-Fi ya Intel, rt640x64.sys ni kebo ya mtandao ya Realtek. Ukikutana na jina geni, lifungue faili lenyewe ndani ya C:\Windows\System32\drivers, nenda Properties, kisha Details, na utaona kampuni iliyolitengeneza.

Misimbo nayo husema kitu. VIDEO_TDR_FAILURE hutokea draiva ya picha ikikaa kimya, kwa kawaida zaidi ya sekunde 2, na Windows ikashindwa kuiamsha. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL ni draiva iliyogusa kumbukumbu isiyoruhusiwa kwa wakati ule, na za mtandao huonekana sana hapa. DPC_WATCHDOG_VIOLATION hupatikana mara kwa mara kwenye draiva za diski, au SSD yenye programu ya ndani iliyozeeka.

Kurekebisha draiva moja

Fungua Device Manager kwa kubonyeza kitufe cha Windows na X. Tafuta kifaa, bofya kulia, chagua Properties, kisha Driver. Andika kwenye daftari mtengenezaji, tarehe na toleo kabla ya kubadilisha chochote. Kuhusu tarehe, usishtuke ukikuta 21 Juni 2006. Draiva zinazokuja na Windows yenyewe hupewa tarehe hiyo makusudi ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa ionekane mpya zaidi na ipewe kipaumbele. Mafundi wengi wamezibadilisha draiva nzima kabisa wakidhani zina umri huo.

Ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho, rudi nyuma: bofya Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, Windows haina toleo la awali la kurudia moja kwa moja. Jaribu Update Driver, Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list, na mara nyingi utakuta matoleo ya zamani bado yamo. Ikiwa draiva ni ya zamani na mfumo ndio uliosasishwa, songa mbele: chukua toleo jipya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, si ya mtu wa tatu. Kwa laptop anza na kampuni iliyoitengeneza mashine, kama Dell, HP au Lenovo, kwa sababu draiva zao zimerekebishwa kulingana na mfumo wa umeme na skrini wa modeli hiyo. Tovuti ya Intel, NVIDIA au AMD iwe ya pili.

Shusha draiva mpya kabla ya kuondoa ya zamani. Ukiondoa ya Wi-Fi kwanza utakuwa huna intaneti ya kushushia nyingine. Ikikutokea, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Kwa simu nyingi za Android Windows huitambua bila draiva ya ziada.

Kwa kadi ya picha iliyosumbua sana, kuweka toleo jipya juu ya la zamani hakutoshi. Zima intaneti ili Windows Update isikuwahi, ingia Safe Mode, tumia Display Driver Uninstaller kufuta mabaki yote, washa upya, ndipo usakinishe toleo ulilolishusha.

Baada ya badiliko lolote la draiva tumia Restart, usitumie Shut down. Tangu Windows 8, kipengele cha Fast Startup hufanya Shut down ihifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kama kilivyokuwa. Mtu anazima na kuwasha mara kadhaa akiamini ameanza upya, kumbe hali ya kiini ni ileile. Restart ndiyo inayoanzisha kila kitu kwa kweli.

Kisha pima kwa shughuli ileile iliyokuwa ikiangusha. Mhasibu wetu airudishe draiva ya Wi-Fi nyuma, afunike laptop aende kula, afanye hivyo kwa wiki nzima. Ikitulia, asimamishe masasisho kwa muda kwenye Windows Update ili draiva ile isirudi. Kwa Windows Pro, kitengo cha TEHAMA kinaweza kuwasha sera ya Do not include drivers with Windows Updates ndani ya gpedit.msc na kuacha masasisho ya usalama yaendelee. Hiyo ni bora kuliko kuzima masasisho yote, jambo lisilofaa kufanywa na ofisi yoyote inayotunza taarifa za watu.

Draiva zinapogombana

Wakati mwingine kila draiva ni nzima ikiwa peke yake. Mgogoro unaoonekana sana ni wa antivirusi mbili. Kila moja huweka draiva inayosimama kati ya programu na diski, ikikagua kila faili linalofunguliwa. Zikiwa mbili, kila moja hukagua kazi ya mwenzake. Andika fltmc kwenye Command Prompt ya msimamizi uone orodha ya draiva zilizosimama hapo. Ukiona jina la antivirusi uliyoamini uliiondoa mwaka jana, tumia zana ya kuondolea ya kampuni husika. Programu za VPN za zamani huacha mabaki ya namna hiyo kwenye mtandao.

Printa zina historia yake. Tarehe 9 Machi 2021 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 lililoitwa KB5000802, na ofisi nyingi duniani zikaanza kupata skrini ya bluu yenye APC_INDEX_MISMATCH pale tu mtu alipobofya Print. Walioathirika zaidi walikuwa na printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Draiva za printa hazikuwa zimebadilika. Ni Windows iliyobadilika chini yake. Rekebisho lilitoka tarehe 15 Machi. Aliyekuwa anachapisha hati za mishahara siku hizo angeweza kuamini printa imekufa. Kwa hiyo kompyuta ikianguka wakati wa kuchapisha, tazama kwanza ni sasisho gani la Windows limeingia wiki hiyo, na ikibidi liondoe kwa muda kupitia Uninstall updates. Mabaki ya draiva za printa za zamani yanaonekana ukiandika printui /s /t2. Ondoa zile ambazo printa zake hazipo tena ofisini.

Windows Security nayo husaidia kufichua draiva zilizopitwa na wakati. Nenda Device security, kisha Core isolation details. Ikishindwa kuwasha Memory integrity, itakuonyesha orodha ya draiva zisizolingana. Ni njia nyepesi ya kuyaona mabaki hayo bila kupekua folda.

Epuka programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja. Hubadilisha draiva kumi zisizokuwa na shida, zingine kwa matoleo yasiyo ya modeli yako, na kukuachia matangazo. Hazistahili kuwa kwenye mashine ya kazi.

Kompyuta isipofika hata kwenye nenosiri

Iwashe, na ikianza kupakia Windows izime kwa kushikilia kitufe cha umeme. Baada ya kufanya hivyo mara mbili au tatu, Windows yenyewe itafungua Automatic Repair. Chagua Advanced options, Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, halafu bonyeza 4 kwa Safe Mode au 5 ukihitaji mtandao. Hapa ndipo ufunguo wa BitLocker unapoulizwa. Safe Mode hupakia draiva za lazima tu. Mashine ikitulia humo, tatizo liko kwenye draiva au programu inayojiwasha na Windows, na unaweza kurudisha draiva nyuma au kuiondoa ukiwa humohumo. Ikianguka hata kwenye Safe Mode, rudi kwenye RAM na diski.

Driver Verifier ni ya fundi peke yake. Huzibana draiva makusudi ili mbovu ijitaje kwa kuangusha mashine. Asiiwashe mtu asiyejua kuingia Safe Mode na kuandika verifier /reset.

Mashine za mtumba

Laptop nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zilishatumika kwingine, na nyingine huwekwa Windows kwa kunakiliwa kutoka mashine ya modeli tofauti. Draiva za modeli ile huja nazo. Kwa mashine ya namna hiyo usitegemee jina lililobandikwa kwenye kifuniko. Tafuta namba ya mashine yenyewe. Andika Get-CimInstance Win32_BIOS kwenye PowerShell, uichukue namba iliyo mbele ya SerialNumber, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa Dell ni Service Tag yenye herufi na tarakimu 7. Kifaa kikiwa na alama ya njano na hakijulikani, fungua Properties, Details, Hardware Ids: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD.

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za zamani zimekuwa zikilazimishiwa Windows 11 ingawa hazina sifa zake. Draiva ya Windows 10 mara nyingi hufanya kazi humo, lakini usitarajie mtengenezaji kutoa nyingine mpya. Mnunuzi ana haki ya kujua hilo kabla ya kulipa.

Usipokuwa na ruhusa ya msimamizi

Wafanyakazi wengi hawaruhusiwi kugusa draiva, na ni sawa. Kazi yako hapo ni kumpa fundi ushahidi utakaomfupishia njia. Ujumbe wa kusema kompyuta imegoma tena haumsaidii. Andika hivi:

“Kompyuta ya mapokezi, HP, imeanguka Jumatatu saa 4:10 asubuhi na Jumatano saa 5:30, mara zote nilipotuma kazi kwenye printa ya ghorofa ya pili. Skrini iliandika DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL na jina la faili, nimepiga picha kwa simu. Kuchapisha kwenye printa ya chini hakuna tatizo. Reliability Monitor inaonyesha sasisho Jumapili. Umeme haukukatika. Naomba usipige Windows upya kabla ya kunakili folda ya Minidump.”

Kupiga Windows upya kuna wakati wake: mafaili ya mfumo yakiwa yameharibika na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ikifuatwa na sfc /scannow havikuyarudisha, au mashine ikiwa na virusi. Ikifikia hapo, folda ya D:\draiva uliyoiandaa mwanzoni ndiyo itakayokurudishia vifaa kwa amri ya pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install. Kabla ya kuitekeleza amri hiyo, toa ndani ya D:\draiva folda ya draiva iliyotajwa kwenye minidump, uiweke kando, na mahali pake uweke toleo ulilothibitisha kuwa zima.